Sanaa katika shule ya serikali na shule binafsi mjini Mtwara: tathmini ya mzazi

Tathmini hii inahusu shule mbili za msingi ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, moja ya serikali na nyingine ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, na inajifunga kwenye jambo moja: kile ambacho mtoto anakipata huko katika muziki, uchoraji, maigizo, ngoma, kazi za mikono na michezo, yaani ile sehemu ya elimu ambayo wazazi wengi hatuiulizi tunapokwenda kuandikisha watoto. Sizitaji shule hizi kwa majina, kwa kuwa sina nia ya kumuumbua mtu, na ninaamini mzazi wa Lindi, Masasi au Nachingwea atayatambua mengi ya haya katika shule anazozijua mwenyewe. Kijana wangu anasoma Darasa la Tano katika shule ya serikali, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasoma Darasa la Tatu katika ile ya binafsi. Wote wawili wanalala nyumbani kwangu, madaftari yao hukutana juu ya meza moja kila jioni, na kwetu sisi Wamakonde mjomba hawezi kusema kwamba masomo ya mtoto wa dada yake hayamhusu.

Mzazi anapaswa kwanza kufahamu kwamba kwenye karatasi shule hizi mbili hazitofautiani. Zote zinafuata mtaala unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, umeipa sanaa nafasi iliyo wazi kuliko zamani, kwani watoto wa Darasa la Tatu na kuendelea wana somo linaloitwa Sanaa na Michezo, lenye kitabu chake cha kiada na vipindi vyake kwenye ratiba. Kwa hiyo sanaa haikuwekwa kwa ajili ya wanaolipa ada peke yao. Mtoto wa shule ya serikali ana haki nayo ileile, na haki hiyo imebandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu. Tofauti yote inaanza pale kengele inapogongwa na kipindi chenyewe kuwadia.

Katika shule ya serikali, kipindi hicho mara nyingi huliwa. Kinapofika, mwalimu wa Hisabati anaomba amalizie mada yake, au darasa linatakiwa kufanya usafi kwa sababu kuna wageni kutoka halmashauri, au mwalimu mhusika amepangiwa kusimamia jaribio la Darasa la Saba ambalo limo katika matayarisho ya mtihani wa taifa. Siwalaumu walimu kwa wepesi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni wa karatasi na kalamu; hakuna mtoto anayeimba, anayefinyanga wala anayecheza ngoma mbele ya msahihishaji, na mwalimu mkuu anayeitwa kwenye kikao cha tathmini ya matokeo hataulizwa hata siku moja kwa nini watoto wake hawajui kuchanganya rangi. Pale kipindi kinapofundishwa, darasa lina watoto zaidi ya sabini, vitabu havitoshi, na njia iliyobaki kwa mwalimu ni kuandika ubaoni. Daftari la kijana wangu limejaa maelezo mazuri: maana ya sanaa, aina za sanaa, faida tano za ufinyanzi, vifaa vinavyotumika katika ususi. Anaweza kukueleza hatua za kufinyanga chungu, moja baada ya nyingine, bila kusita. Udongo wenyewe hajawahi kuushika shuleni, ingawa udongo mzuri unachimbwa mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Hili linaniuma kuliko ukosefu wa vifaa, kwa sababu halikutokana na umaskini peke yake. Ni kweli kwamba tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 shule ya msingi ya serikali inaendeshwa kwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kwamba sehemu ya fedha hiyo inakwenda kwenye vitabu, hivyo kinachobaki ni cha chaki, mitihani na ukarabati, na rangi za maji zitasubiri. Lakini udongo haununuliwi. Ukili wa kusukia mikeka unapatikana sokoni kwa bei ambayo kamati ya shule inaimudu. Shule ya kijana wangu ina mikorosho yake, na kila msimu wa minada huingiza kitu kidogo ambacho matumizi yake hujadiliwa kwenye mkutano wa wazazi. Katika mikutano yote niliyohudhuria kabla ya ule wa mwisho, sikumbuki hata mzazi mmoja akisimama kudai kwamba sehemu ya fedha hiyo ipelekwe kwenye sanaa. Tunadai madawati, tunadai matundu ya vyoo, na tuna haki ya kuyadai, ila mwalimu wa sanaa anapotuona tumenyamaza anaelewa kwamba kipindi chake hakina mwenyewe.

Pamoja na hayo yote, shule hiyohiyo ya serikali ina kitu ambacho shule binafsi haina na ambacho fedha haiwezi kukileta kwa haraka. Ina kikundi cha ngoma. Nimekiona kikicheza sindimba kwenye mahafali ya Darasa la Saba, watoto wa miaka kumi na kumi na mbili wakipokezana na wapiga ngoma bila mtu mzima kuwahesabia, kila mmoja akijua wapi pa kuingia na wapi pa kumwachia mwenzake, na niliona wazi kwamba hawakufundishwa hilo kwa wiki mbili za mazoezi. Wamekuja nalo kutoka nyumbani, kutoka Chikongola, Magomeni na vijiji vya barabara ya Tandahimba, ambako ngoma inapigwa msimu wa jando na unyago ukifika. Kazi ya mwalimu imekuwa kuchuja, na ameifanya kwa busara kubwa. Zipo nyimbo ambazo mahali pake ni kumbini na haziletwi uwanjani mbele ya watu wote, na zipo zinazofaa kuimbwa na mtoto popote; mwalimu huyu, ambaye ni mwanamke wa hapahapa Mtwara, amekaa na bibi za watoto akazipitia moja moja. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo wakati hakuna posho, alinijibu, “Baba, hizi nyimbo wenyewe wanaondoka. Nikizembea mimi, mtoto wako atazisikia kwenye simu zikiwa zimeharibiwa.”

Kikundi hiki kimewahi kufika mbali katika ngazi ya mkoa kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi ambayo pamoja na mpira na riadha yana fani za ndani kama kwaya na ngoma, na ambayo fainali zake za kitaifa mwaka 2021 zilifanyika hapa Mtwara. Lakini hapo ndipo penye kasoro ya pili. Kikundi kina watoto wachache waliochaguliwa kwa vipaji vyao, na shule ina mamia. Aliyezaliwa akiwa na sikio la ngoma anakuzwa; asiye nalo anakaa pembeni akipiga makofi kuanzia Darasa la Kwanza hadi anamaliza. Kijana wangu ni mmoja wa hao wapiga makofi. Mazoezi pia huanza mashindano yanapokaribia na kukoma yanapokwisha, na ngoma zinarudi stoo, ambako panya wanatoboa ngozi hadi mwaka unaofuata.

Shule binafsi imeandaa mambo kwa namna nyingine kabisa. Ijumaa mchana hakuna somo jingine lolote. Ni sanaa na klabu, na katika muda wote ambao mpwa wangu amesoma hapo sijasikia kwamba Ijumaa hiyo imeazimwa na Hisabati. Darasa lina watoto wasiozidi thelathini. Kila mtoto ana daftari la kuchorea lenye kurasa zisizo na mistari, brashi mbili na rangi, na kazi haimalizwi siku hiyohiyo: inaanzwa wiki hii, mwalimu anaiandikia maoni kwa penseli nyuma ya ukurasa, mtoto anairudia wiki inayofuata. Jambo hili dogo la kurudia kazi ndilo ninalolithamini kuliko vifaa vyote vya shule ile, kwa sababu ndilo linalomfundisha mtoto kwamba mchoro mbaya wa leo unaweza kuwa mzuri wiki ijayo. Mpwa wangu alipofika kwangu alikuwa akichora kitu kikiharibika kidogo anachana karatasi. Sasa anaitazama, anauliza, “Mjomba, hapa pamekosekana nini?” kisha anaendelea. Muziki unafundishwa na kijana anayekuja kwa saa chache kwa wiki akiwa na kinanda chake, na watoto wamejifunza kuimba kwa sauti mbili bila kupotezana, jambo ambalo kwaya nyingi za watu wazima linazishinda.

Udhaifu wake ni kile kinachochorwa na kinachoimbwa. Daftari la mpwa wangu katika muhula wa kwanza lilikuwa na mtu wa theluji mwenye skafu nyekundu, nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa, na mti wa misonobari. Picha hizo zilitoka kwenye karatasi zilizochapishwa tayari, mtoto akipewa kazi ya kujaza rangi bila kutoka nje ya mstari. Mtoto huyu anaishi mahali ambapo akipanda kilima kidogo anaiona ghuba ya Mikindani na madau yake, ambapo mkorosho ukichanua mtaa mzima unanuka maua yake, na hakuna hata kimoja cha vitu hivyo kilichoonekana katika daftari lake hadi katikati ya mwaka. Nyimbo nazo ni za watoto wa Uingereza, na maigizo yote ni kwa Kiingereza. Nililiona igizo la siku ya wazazi: watoto walikuwa wamekariri maneno vizuri na hakuna aliyesahau, ila hakuna pia aliyecheka, aliyekatiza wala aliyeongeza lake, kwa sababu mtoto wa miaka tisa hawezi kufanya mzaha katika lugha ambayo bado anaitafuta. Jioni ileile, uani kwangu, mpwa wangu aliigiza kwa Kiswahili jinsi mwalimu wake alivyohangaika na kipaza sauti, na nyumba nzima ikavunjika mbavu. Kipaji anacho, ila shule haijampa lugha ya kukitolea.

Mwalimu Nyerere alilisemea jambo hili Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana: alisikitika kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu na hawakufundishwa za kwao. Ni jambo la kusononesha kwamba zaidi ya miaka sitini baadaye mzazi wa Mtwara anaweza kulipa ada kubwa ili mtoto wake afundishwe kwa namna ileile. Nimewahi kumweleza mkuu wa shule, kwa heshima, kwamba sindimba ingefaa kuwa miongoni mwa klabu zao. Alinijibu kwa uungwana kwamba wapo wazazi, Waislamu kwa Wakristo, wasiopenda ngoma za asili kwa sababu ya uhusiano wake na unyago, na kwamba shule ya kulipia haiwezi kuwapuuza. Nimelielewa jibu lake. Hata hivyo yule mwalimu wa shule ya serikali amekwisha kuonyesha kwamba kuchuja kunawezekana.

Ninalolisikitikia zaidi, na hapa shule zote mbili zina lawama sawa, ni jinsi zinavyokaa katikati ya hazina bila kuigusa. Kusini hii ndiyo nyumbani kwa uchongaji wa Kimakonde, unaojulikana duniani kote kwa vinyago vya mpingo, vile vya ujamaa ambavyo watu wamepandana na kushikamana katika gogo moja, na vile vya shetani ambavyo havifanani na kiumbe yeyote. Vinyago vya kuvaa kichwani vya ngoma ya mapiko vinachongwa kwa mti mwepesi, na hucheza, havikai tu rafuni. George Lilanga, ambaye michoro na vinyago vyake vimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani, alizaliwa Masasi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake, alitoka Tunduru, jirani zetu wa magharibi, na alianza kwa kuchora juu ya vipande vya ubao mgumu (hardboard) kwa rangi za kawaida za mafuta, bila shule yoyote ya sanaa nyuma yake. Tamasha la MaKuYa limewahi kuwakusanya hapa Mtwara wacheza ngoma wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Ukiwauliza watoto wa shule zote mbili kuhusu watu na mambo haya, wengi watakutazama tu.

Mara moja shule ya serikali ilimwalika mchongaji, mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe karibu na soko, naye akaja na tezo, patasi, msasa na kipande cha mti laini. Watoto walimwamkia, “Shikamoo babu,” wakakaa mchangani wamemzunguka, na kwa muda ambao kwa kawaida wangekuwa wakinakili faida tano za uchongaji walikiona kichwa cha ndege kikitoka kwenye mti. Hakuwapa tezo, kwani ina makali na watoto ni wengi, lakini aliwapa msasa wakalainisha kwa zamu. Kijana wangu alirudi nyumbani na vumbi la mbao kwenye nyusi, akazungumza habari hiyo mpaka usiku. Zoezi lile liligharimu nauli na soda ya mzee. Halijarudiwa, kwa sababu mwalimu aliyelibuni alihamishwa, na hakuna mwingine aliyeambiwa kwamba ni sehemu ya kazi.

Kuhusu michezo nitasema kwa ufupi. Shule ya serikali ina uwanja mkubwa wa mchanga, mpira mmoja, na watoto wanaokimbia kuliko wengine wote mjini. Shule binafsi ina uwanja mdogo, sare nadhifu na klabu ya karate inayolipiwa pembeni. Shule zote mbili ziko karibu na Bahari ya Hindi na hakuna inayofundisha kuogelea, jambo ambalo katika mji wa pwani ningeliweka mbele ya karate.

Gharama zinahitaji kuangaliwa kwa makini. Kwa mpwa wangu tunalipa zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka, bila kuhesabu basi la shule, na mzazi asidhani kwamba kiasi hicho kinafunika kila kitu kilichomo katika kipeperushi, kwa maana karate, kinanda cha mtu mmoja mmoja na ziara za mafunzo vina malipo yake ya ziada, na mtoto ambaye mzazi wake hajalipia hubaki darasani siku ya ziara. Nikipima sanaa peke yake, ninaona kwamba kinacholipiwa hasa ni mambo mawili: muda usioguswa na mwalimu mwenye nafasi ya kumtazama kila mtoto. Rangi, brashi na kinanda ni vitu vya kupendeza, lakini ukiviondoa vyote na kuiacha ile Ijumaa mchana pamoja na mwalimu wake, mpwa wangu angeendelea kujifunza. Ukivipeleka vyote shule ya serikali bila Ijumaa hiyo, vitaishia stoo pamoja na ngoma. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wazazi wanaosema kwamba shule za serikali haziwezi kufundisha sanaa mpaka zipate fedha. Muda upo kwenye ratiba tayari. Unachohitaji ni mwalimu mkuu wa kuulinda na wazazi wa kumsimamia nyuma anapoulinda. Ukubwa wa darasa ni tatizo la kweli ambalo wazazi hatuwezi kulimaliza, ila kwaya, ngoma na ngonjera ni fani ambazo watoto sabini si wengi kwazo.

Mzazi anayetafuta shule kwa mwaka ujao ningemshauri asitosheke na siku ya wazazi wala mahafali, kwa kuwa siku hizo kila shule hupendeza. Aende siku ya kawaida, saa ya kipindi cha Sanaa na Michezo, akaone kama kinafundishwa. Aombe daftari la mtoto wa Darasa la Nne au la Tano, asiyemjua, aangalie kama lina kazi za mikono ya mtoto au maelezo yaliyonakiliwa, na kama lina picha, aangalie kama mtoto mwingine wa darasa hilo amechora picha tofauti. Katika shule binafsi aulize nini kimo ndani ya ada na nini hakimo, na aulize kama watoto huimba au kuigiza lolote kwa Kiswahili. Katika shule ya serikali aulize watoto wasio kwenye kikundi hufanya nini.

Kwa upande wetu watoto wote wawili wanabaki walipo. Mpwa wangu na kijana wangu sasa wameanza kwenda pamoja kwenye mazoezi ya ngoma Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu na ya dada yangu, na shule ya mpwa wangu, baada ya wazazi kadhaa kuandika barua, imeanza kuwatoa watoto nje kuchora wanachokiona. Katika shule ya serikali, mkutano wa mwisho wa wazazi ulikubali kwamba sehemu ya fedha za korosho za msimu huu itumike kuwamba upya ngoma tatu na kununua ukili, na kwamba kipindi cha Sanaa na Michezo cha Darasa la Tano kisichukuliwe na somo jingine bila mwalimu mkuu kuandika sababu kwenye kitabu cha kumbukumbu za shule. Nimepewa kazi ya kumtafuta yule mzee wa mchongo na kupanga naye siku za kuja, mara moja kila mwezi, na ameomba tu kwamba wamtafutie tezo ndogo zinazoshikika na mkono wa mtoto.